Meno Manne ya Mwalimu Shalima

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Asubuhi khanga, jioni darasa. Nimeuza doti tatu bila kufungua mdomo. Mteja akiuliza, najibu kwa kichwa.

Ni miezi minane tangu mpini wa mkokoteni uning'oe meno manne ya mbele, ya juu, pale kona ya Msimbazi. Na bado nikisema naziba mdomo kwa upindo wa khanga kama bi harusi. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili! Naona haya, halafu nakasirika kwa kuona haya.

Herufi S ndiyo iliyonikimbia. Nikiivuta inakuja SH. Hata jina langu siliwezi. Mimi Salima, nikijitaja natoka Shalima.

Darasani wamekuja wote. Veranda ya ofisi ya tawi la chama, saa kumi, vumbi la jengo jipya la soko linatumwagikia vichwani. Wachuuzi watupu, watu wa makamo, wengine wana wajukuu. Baba Ndeshi muuza vitunguu kakaa mbele kabisa. Mkokoteni ule ulikuwa wake. Tangu siku ile hajakosa kipindi hata kimoja, nadhani kajihukumu mwenyewe kifungo cha kusoma. Chaki hakuna tangu mwezi wa tano. Nawasomea imla nikiwa nyuma yao, wanaandika kwenye karatasi za kufungia, halafu wanasahihishana wao kwa wao. Sitaki mtu auone mdomo wangu kwa karibu.

Jumanne, 5 Agosti

Barua ya Mkaguzi wa kisomo. Yule bwana aliyekuja baada ya Sabasaba, akakaa nyuma kimya saa nzima, leso puani na mdomoni kana kwamba tunanuka. Salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa. Maringo hayo! Nilimchukia palepale.

Anasema wanafunzi wangu wanatamka vibaya na wanaandika vibaya zaidi. Jumatatu tarehe 18 atarudi na karani wake, karani atasoma imla. Wakishindwa, darasa litafungwa na wao watapelekwa Magogoni. Nani ataacha meza yake ya nyanya saa kumi jioni aende mpaka Magogoni? Hawataenda. Itakuwa ndiyo mwisho wa kusoma kwao.

Nimekusanya karatasi zao kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mungu wangu. Shoko. Shukari. Shabuni. Saba imekuwa shaba. Siasa safi imekuwa shiasha shafi, wote, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nimemwuliza Bi Tatu, mkaanga samaki wa Lindi, mwanafunzi wangu bora. Kanishangaa. "Kwani Mwalimu, si ndiyo Kiswahili sanifu? Sisi tulikuwa tunasema soko, kishamba shamba tu."

Kumbe wakisoma kwa pamoja "shoko" hawakuwa wananitania. Mimi nilidhani ni dhihaka, nikanuna peke yangu. Wao wananiamini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepita kwa Bi Tatu. Kamlipa mchoraji, kaandikiwa kibao kipya, herufi nyekundu: SHAMAKI WA KUKAANGA. Muuza ndizi wa jirani ananadi "Tamu shana!" Hajawahi hata kuingia darasani kwangu. Ugonjwa umeshafika sokoni.

Nimeshindwa kucheka, nimeshindwa kulia. Nimenunua kipande cha nguru nikala kwa magego.

Alhamisi, 7 Agosti

Hospitali kubwa ya Upanga foleni ya meno ya bandia ni ya miezi. Siwalaumu, watu ni wengi. Nikaenda kwa Bwana Kanji, fundi wa meno, ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani, nyuma ya mtaa wa Msimbazi. Mzee mwembamba, vidole vyeupe kwa plasta.

Kanijaza mdomoni donge vuguvugu la nta kwenye kibakuli cha chuma chenye umbo la kwato ya punda. Tulia, anasema. Pua ndiyo ipumue. Nilidhani nakufa. Kalitoa, nikaona ufizi wangu umejichora mle, na mapengo yote manne. Sura mbaya sana.

Halafu akasema nicheke. Hawezi kupanga meno ya mtu ambaye hajamwona akicheka, eti hajui mdomo unapanda mpaka wapi. Nikakataa. Akasubiri, anafuta miwani. Nikajaribu, ikatoka kama mtu aliyebanwa mlangoni. Akatikisa kichwa. Ndipo nikakumbuka kile kibao chekundu. SHAMAKI! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miezi minane sijacheka mdomo wazi. Bwana Kanji kapima haraka haraka na rula yake kabla sijaziba.

Meno Jumatano, inshallah.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimejaribu kuwarekebisha bila meno. Upuuzi mtupu. Nimesimama mbele nikatangaza: "Tumekosea. Shi shoko. Ni shoko." Wakaitikia kwa nguvu: "Shoko!"

Nikaandika ukutani kwa mkaa, SOKO. Nikamwonyesha Baba Ndeshi. Kasoma vizuri, kwa adabu: "Shoko." Kumbe wanaijua S, ila wanaamini sauti yake ni ile inayotoka kwenye mapengo yangu.

Nimewaambia ukweli. Kwamba mimi ni kibogoyo tu, sanifu hakuna hapo. Baba Ndeshi kainamisha kichwa mpaka nikamwonea huruma. Bi Tatu akasema polepole, "Basi na kibao changu?"

Jumatano, 13 Agosti

Si tayari. Meno ya ukubwa wangu hayapo. Bwana Kanji ana ya wanaume na ana ya vitoto, yangu yako kwenye sanduku bandarini na sanduku linangoja karatasi za forodha. Kanijaribisha ya wanaume. Nimejiangalia kwenye kioo: sungura.

Tumegombana pia kuhusu rangi. Nataka meupe pe. Yeye anasema nikivaa meupe nitakuwa taa, kila mtu atajua. Anataka kunipa ya manjano manjano kidogo, yafanane na wenzake. Nimeudhika. Miaka hamsini na mbili nimekunywa kahawa, sasa nafika dukani naongezewa na madoa!

Ijumaa, 15 Agosti

Bado. Siku tatu zimebaki. Nimemfokea Bwana Kanji wa watu bure, sikuelewa hata nilichosema kwa jinsi SH zilivyokuwa nyingi. Kanipa chai.

Naogopa. Naandika hapa maana siwezi kumwambia mtu. Darasa hili likifungwa, aliyelifunga ni mimi na haya zangu. Ningewatazama usoni, ningesahihisha, ningeona mapema.

Nimetenga khanga moja mezani, doti ya zambarau. Jina lake: HUJAFA HUJAUMBIKA. Nitaivaa Jumatatu, nimpitie bwana leso mbele na nyuma mpaka ayasome maneno vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Yamekuja!

Manne, yamekaa kwenye kibamba cha rangi ya ufizi kinachong'ang'ania kaakaa. Ya manjano manjano. Nimeyavaa, nimejitazama, nimemwona Salima. Mzee Kanji alisema kweli, siyajui yapi yangu yapi yake.

"Sema kitu," kasema. Nikasema samaki. Ilitoka na mluzi kidogo, sssamaki, lakini samaki! Nimeshuka ngazi nasema peke yangu. Sabuni. Sufuria. Sahani. Sisimizi. Nimesoma vibao vyote vya mtaa vyenye S, kwa sauti, mdomo wazi, upepo unaingia. Mchoma mahindi kaniuliza nimekula nini. Nimemjibu "Sina siri!" nikacheka. Nina furaha kama mtoto wa Idi. Mate yananijaa mdomoni, kaakaa linauma, lakini meno siyatoi.

Jumapili, 17 Agosti

Darasa la dharura tangu asubuhi. Wakristo wamekuja kutoka kanisani moja kwa moja.

Nimesimama mbele yao. Si nyuma. Nikayatoa meno yote manne, nikayashika mkononi, kila mtu akaona. Bila meno: "Shamaki." Nikayavaa. Na meno: "Samaki." Wameanguka kwa vicheko. Bi Tatu katoa machozi. Sikuona haya hata chembe. Nikatoa, "shindano." Nikavaa, "sindano." Nikawauliza: ukisikia hii ya kibogoyo, maana yake ipi? Wakawa wanapiga kelele majibu kama mnadani. Na zile SH za haki, shangazi, shamba, kushika, hizo msiziguse! Tumefanya hivyo mpaka adhuhuri. Ufizi umechubuka.

Nimemwambia Baba Ndeshi adhabu yake imekwisha, akitaka asije tena. Kanijibu, "Mwalimu, mimi sikuja kwa adhabu. Napenda kusoma."

Jumatatu, 18 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi kafika, suti ya kaunda, leso mdomoni. Peke yake. Nimempitia mara mbili nikimgeuzia mgongo, taratibu, HUJAFA HUJAUMBIKA. Aliyasoma. Nilimwona akiyasoma. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Tukangoja karani. Robo saa, nusu saa. Karani hakutokea. Nikasema, "Ndugu Mkaguzi, nisome mimi?" Akatikisa kichwa: hapana, kanuni hairuhusu mwalimu kusomea darasa lake. Akasimama. Akaikunja leso mara nne, akaitia mfukoni. Akafungua mdomo.

Mapengo. Juu yote, kuanzia chonge mpaka chonge.

"Andikeni," kasema. "Shasha shoko letu ni shafi."

Nilirudi nyuma mpaka ukutani nikaubandika mgongo wangu pale, khanga na maneno yake. Aibu ile siwezi kuieleza. Kumbe hakuwa na maringo. Alikuwa anafanya nilichofanya mimi kwa miezi minane, na leso tu ndiyo tofauti yetu.

Wanafunzi hawakucheka. Hata mmoja. Waliinamisha vichwa wakaandika. Akasoma la pili, jasho linamtoka: "Shangazi ameshika shindano shaba." Bi Tatu kanitupia jicho, kabana tabasamu, kaandika.

Kakusanya, kakaa, kasahihisha. Sisi wima. Nimehesabu mbao zote za dari.

Sasa soko letu ni safi. Shangazi ameshika sindano saba. Karatasi baada ya karatasi, safi. Baba Ndeshi peke yake kazidisha bidii, kamnyang'anya shangazi SH akawa "sangazi". Mkaguzi kaitazama ile muda mrefu. Akaniangalia, akaangalia mdomo wangu. Halafu akacheka, mdomo wazi, bila leso. Wamefaulu! Darasa linabaki! Bi Tatu kapiga vigelegele mpaka balozi wa nyumba kumi akatoka kuuliza nani kaolewa.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya kawaida. Mvua kidogo asubuhi. Sukari imefika dukani, nimepata.

Saa tano hivi kapita Mkaguzi mezani kwangu. Leso imerudi. Kachagua doti ya zambarau, ileile, eti ya mkewe. Hakuondoka. Kanyoosha kidole kwenye mdomo wangu, kisha kwenye leso yake, akainua nyusi.

Bi Tatu alikuwa ameketi karibu nami, anabandua magamba ya samaki kwenye sketi. Hakungoja kuambiwa. Kachukua kipande cha karatasi ya kufungia na penseli yangu, kaandika polepole, ulimi nje:

Fundi wa meno. Nyuma ya mtaa wa Msimbazi, ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani. Utaambiwa ucheke. Usiogope.

Mkaguzi kasoma mara mbili. Kanionyesha. Hakuna kosa. Chini kabisa Bi Tatu katia saini kubwa, kama kwenye kibao chake ambacho amekataa kukifuta, maana wateja wameshamzoea hivyo: Tatu wa Shamaki.

Hilo sikulisahihisha.