Usiguse Kitu Mpaka Nirudi

Jumatatu, 7 Oktoba

Chai ya rangi, mkate wa jana. Upepo wa Same umeanza mapema leo, vumbi hadi kwenye sukari. Nimefagia mara mbili, ya tatu nimeacha. Hakuna anayekuja.

Yule binti wa Dar ameandika tena. Neema. Anasoma mambo ya sanaa chuoni, anakusanya habari za filamu ambazo waongozaji wa zamani walizipanga zikaishia njiani. Anataka orodha yangu: jina, ilihusu nini, ilikwama wapi. Ameniita gwiji. Gwiji wa nini. Miaka thelathini kwenye kazi hii, nimemaliza filamu fupi mbili, moja ya chanjo, na harusi za watu. Zilizobaki zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Sijamjibu. Lakini sanduku nimelivuta.

Jumanne, 8 Oktoba

Skripti sita. Panya wamekula pembe za mbili.

Stesheni. Mzee anayefungua stesheni kila asubuhi na kufuta mabenchi wakati treni imeshaacha kupita. Nilitaka treni halisi kwa sini moja tu. Sikuipata. Nikasubiri.

Meza Moja. Dada wawili wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wauza samaki, hawasemezani lakini wanauza kwenye meza moja. Nilitaka bwawa lijae. Mwaka ule maji yalishuka. Yalipojaa, mimi nilikuwa Mwanga kila Jumamosi napiga harusi.

Dume. Wafugaji wa tambarare na mkulima wa Maore, kila upande unasema ng'ombe ni wake. Hiyo ilikuwa nzuri kweli. Nilitaka dume jeusi tii. Wafugaji wakanionyesha boma baada ya boma, kila ng'ombe ana doa mahali. Nikasema hapana. Leo nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa. Nimeua filamu kwa sababu ya doa.

Mbili sitaki hata kuzitaja. Za mapenzi. Niliziandika mke wangu alipoondoka. Takataka tupu.

Ya sita ni Maji ya Zamu. Mjane anapokonywa zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila mtu na siku yake. Anavumilia, anavumilia, mwisho anafunga nyumba na kuondoka. Sini ya mwisho: anazima moto, anatoka, hageuki nyuma. Basi. Nyumba niliipata, na mama wa kuigiza nilimpata humo humo ndani. Mama Mbonea, kijiji cha juu ya Maore. Hakuwahi kuigiza maishani mwake. Nilimjaribu mbele ya kamera asubuhi moja, nikajua sitapata tena mtu kama yule.

Mfadhili akajitoa. Nikasema nitarudi baada ya masika. Imepita miaka kumi na mitatu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kwenye daftari la zamani kuna namba ya Mbonea, mwana wa yule mama. Nimepiga nikidhani haitaita. Imeita.

Nilipojitaja, akasema, "Kumbe upo, kaka."

Niandike alichonieleza, maana tangu saa nne sijaweza kukaa.

Siku ile naondoka nilimwambia mama yake, "Mama, usiguse kitu mpaka nirudi." Ni maneno ya kazi. Ukishachagua nyumba ya kupigia, hutaki mtu apake chokaa au akate mgomba, ukirudi picha za leo zinakataana na za jana. Nimeyasema kwenye nyumba nyingi sana. Hakuna aliyewahi kuyashika zaidi ya wiki.

Yeye ameyashika.

Wanawe walimjengea nyumba ya tofali hapo hapo uani. Kijiji kizima kilitoka msaragambo, ile kazi ya pamoja, wakapandisha mchanga na mabati kwa vichwa. Imekaa tupu miaka minne. Mama analala kwenye ile ya udongo, paa la nyasi linavuja, ukuta wa nyuma umetoa tumbo. Chungu kilipopasuka alitafuta kingine kinachofanana. Mwaka huu alilazwa, mapafu. Alipotoka akarudi mle mle. Wakimwambia ahame anawauliza watu wa filamu wakija watakuta nini.

Mbonea hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu vuli inakaribia, ule ukuta hautaimaliza. Njoo umwambie.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani sikwenda. Upendo hakupiga simu. Hupiga Jumapili, huyu binti yangu, akikumbuka. Leo ningemsimulia. Labda nisingemsimulia.

Naona aibu. Si aibu ya kushindwa, hiyo nimeizoea. Hii ni nyingine. Mtu alikaa kwenye nyumba inayovuja kwa ajili ya sentensi niliyoisema huku nafunga begi.

Mchana Mbonea alipiga. Ana wazo. Niende nijifanye napiga picha, siku moja tu, hata kwa simu, mama aone kazi imekwisha, ahame. Nikakasirika, sijui kwa nini. Nikamwambia filamu haipigwi kwa simu. Naye akasema, "Basi lete hiyo inayopiga."

Jumanne, 15 Oktoba

Kamera nimeitoa kabatini. Bado nzito. Betri imekufa. Mikanda yake haiuzwi tena popote ninapojua. Fundi wa hapa stendi ameigeuzageuza, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kana kwamba ananipa pole ya msiba.

Nimefanya mazoezi ya kusema ukweli mbele ya kioo. Mama, filamu haipo. Mama, sikurudi kwa sababu nilikusahau. Hiyo ya pili ndiyo kweli yenyewe, na mdomo umekataa.

Mimi ni mwoga. Nimeandika, nimesoma, nimeacha ibaki.

Jumatano, 16 Oktoba

Ujumbe wa Mbonea: mvua imenyesha kidogo jana, ukuta umeangusha udongo ndani. Mama amesogeza kitanda.

Wingu limekaa juu ya mlima Shengena tangu asubuhi. Kesho naenda. Kamera naibeba. Nikifika nitajua ni ya ukweli au ya uongo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Basi la asubuhi hadi Maore, kisha bodaboda kupanda, kamera mapajani kama mtoto mgonjwa. Nimefika saa nane.

Amezeeka. Amekuwa mdogo, amepinda, anakohoa akishika kizingiti. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Umechelewa, ila umefika." Akaniingiza ndani.

Sikuwa tayari. Kigoda pale pale. Kibuyu kwenye kona, upande ule ule. Kalenda ya kanisa ya mwaka ule bado iko ukutani, imefunguliwa mwezi niliokuja, rangi imeisha. Mafiga matatu hayajasogea. Michirizi ya mvua imechora ukuta mzima, na yeye ameizibaziba kwa udongo wa rangi ile ile, kwa kiganja. Alama za vidole vyake zinaonekana. Akaniuliza, "Ni hivi hivi, au nimekosea mahali?"

Nikasema ni hivi hivi.

Pale ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, mwanawe alikuwa uani. Nikasema, "Tutapiga kesho asubuhi, mama. Sini ya mwisho." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta kitenge chake cha siku ile.

Naandika haya kwa Mbonea, kwenye kochi. Mkewe amenipikia makande na nimeshindwa kumaliza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimerudi Same. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Asubuhi ukungu, halafu ukafunguka. Nikasimamisha kamera uani kwenye miguu yake mitatu, nikaielekeza mlangoni. Nikaangalia kwenye kitundu. Giza. Nikajifanya nazungusha lenzi. Majirani walikuja, wakasimama mbali wakiwa na majembe. Mbonea alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama akauliza aanze lini. Nikamwambia nikinyanyua mkono. Akaitazama kamera, muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha akaingia ndani.

Nikanyanyua mkono.

Skripti inasema anazima moto. Hakuzima. Tulisikia figa likikwaruza, kisha akatoka na kigae chenye makaa, amekishika kwa majani ya mgomba, moshi unampanda usoni. Kwapani kigoda. Akasimama kizingitini. Akapapasa mwimo wa mlango kwa mkono ulio huru, juu hadi chini, kama unavyompapasa ng'ombe unayemuuza. Akavuta mlango. Akauegemezea gogo. Akapita mbele ya kamera bila kuitazama, akavuka ua polepole, akapanda ngazi mbili za nyumba ya tofali, akaingia na moto wake. Hakugeuka.

Mke wa Mbonea alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa bado nimenyanyua mkono.

Hiyo ndiyo sini niliyoitafuta maisha yangu yote. Sikumwelekeza kitu. Na ndani ya kamera hamna kitu.

Nikasema, "Imetosha, mama." Yeye akajibu akiwa ndani, anapuliza moto, "Haya."

Walikuwa wanamhamishia kitanda wakati naondoka. Mbonea alinisindikiza hadi barabarani akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Sijawahi kushukuriwa vibaya vile.

Jumamosi, 19 Oktoba

Simu ilikuwa mfukoni.

Nimeamka na hilo. Ilikuwa mfukoni mwa shati, ina chaji, ina kamera safi kuliko lile dude. Ningempa mtu yeyote pale aishike. Mbonea. Mkewe. Hata lile wazo halikunijia. Filamu haipigwi kwa simu, nilisema, kwa sauti kubwa, kama mwenye akili.

Treni halisi. Bwawa lililojaa. Dume lisilo na doa.

Sikula leo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua tangu jana. Barabara ya stendi ni tope. Nimekaa dirishani. Hakuna aliyebisha hodi wiki nzima isipokuwa mtu wa kusoma mita ya maji.

Saa kumi ujumbe wa Mbonea. Ukuta wa nyuma umeanguka asubuhi, na nusu ya paa. Ungemwangukia kitandani. Mama yuko salama nyumba mpya, anakula vizuri.

Nimesoma mara nyingi. Nimefurahi, halafu nimekaa kitandani nikalia kama mjinga. Sina wa kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Baadaye ujumbe wa pili: mama anakuita. Hakueleza zaidi.

Nadhani anataka kuiona filamu.

Jumapili, 27 Oktoba

Nilipanda jana, nimerudi leo mchana. Mvua imetulia.

Nilikwenda nimeamua kusema. Kwenye bodaboda nilikuwa naisema kwa sauti, yule kijana akadhani namwambia apunguze mwendo.

Nilimkuta barazani amekaa kwenye kigoda kile kile. Mbele yake ile nyumba, imelala upande mmoja, mlango bado umesimama na gogo lake. Wajukuu wameshaanza kuchota udongo. Nilimsalimu, nikavuta pumzi. Hakunipa nafasi.

"Ile taa nyekundu haikuwaka," alisema.

Nilikuwa nimeisahau. Asubuhi ile ya majaribio, miaka kumi na mitatu nyuma, nilimwambia taa nyekundu ya mbele ikiwaka ajue kamera inamwona, asiitazame. Alikumbuka. Ijumaa ile aliiangalia kwanza, akaona haiwaki, ndipo akaingia ndani. Alijua kabla sijanyanyua mkono.

Nikamuuliza kwa nini alifanya, basi. Akasema ni kwa kuwa nilikuja. Alikuwa amesema atakaa mpaka nirudi, na nilirudi, kwa hiyo alikuwa huru kuhama. Kamera ilikuwa shauri langu.

Nikamwomba msamaha. Nilisema yote, hata lile la kumsahau. Alisikiliza hadi mwisho. Hakusema kwamba si kitu. Alisema alikuwa akiniombea kanisani kila Jumapili, akidhani nimekufa, na kwamba usiku wa mvua alinichukia mara kadhaa. Kisha akauliza kama aliigiza vizuri.

Nikamwambia sijawahi kuona vizuri kuliko vile. Ni kweli.

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Akaniuliza, "Na hiyo simu yako haina kamera? Hawa wajukuu wananipiga picha kila siku." Nikasema inayo. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekaa na njaa jikoni. Akasema Jumamosi ijayo zamu ya ndiva ni ya kwao, atashuka kufungua maji mwenyewe, Mbonea apende asipende. Saa kumi na mbili. Nisichelewe tena.

Jioni hii nimemwandikia Neema. Stesheni, Meza Moja, Dume, na zile mbili za mapenzi, nazo nimeziweka. Tano; Maji ya Zamu sikuiweka. Nimeeleza kila moja ilikwama wapi, bila kumsingizia mtu.

Nimekunywa chai. Upepo hakuna leo. Nimefuta picha za zamani kwenye simu, ipate nafasi ya Jumamosi.