Jiko la Kwenda Nalo Mbugani

Korogwe

Mwanangu Rehema,

Marahaba kwa shikamoo zako zote za kwenye simu, pamoja na zile nilizoziitikia kwa kikohozi. U mzima? Mama yako, ambaye mgongo umemzuia kunifuata huku, anaendeleaje? Handeni mvua imeshagusa ardhi, au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi nipo hapa kwa shangazi yako. Daktari hazungumzii tena dawa ya kuniponya, ananiuliza tu kama napata usingizi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu pumzi haitoshi, na wewe ungenikatiza kwa kulia.

Umeniuliza mara kadhaa ununue jiko gani la kwenda nalo kwenye kazi ya chanjo ya ng'ombe, kambi hadi kambi, msimu mzima. Kila mara nimekujibu, "Ngoja nifikirie." Juzi nikasema majiko ya siku hizi yote ni takataka. Ulipokata simu, shangazi yako, aliyekuwa akinimenyea chungwa, akacheka bila furaha.

"Kaka, umezunguka mbugani mpaka ukastaafu, leo hujui jiko? Sema unamfunga mtoto."

Ni kweli, Rehema. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Najua huondoki bila neno langu, na nilitaka uwe karibu nitakapokufa. Sasa nasikia mkuu wako anataka kumpa mtu mwingine nafasi yako. Hilo sitaki kwenda nalo kaburini.

Basi sikiliza. Mtungi wa gesi ni msafi, lakini ukiisha baada ya kupita maduka ya mwisho utabaki unabeba chuma kitupu. Chukua jiko la pampu, la mafuta ya taa. Muuzaji atakuchemshia chai ulisifu. Chai haipimi jiko. Mwambie unataka kusonga ugali. Jiko ambalo miguu yake inacheza ukikandamiza mwiko litakumwagia sufuria magotini. Mimi lilinimwagia, lile kovu la gotini si la pembe ya ng'ombe kama nilivyowadanganya mkiwa wadogo.

Ndani ya pampu kuna kipande cha ngozi. Kikikauka, utapampu bure. Kipake mafuta ya kupikia, na ubebe vya akiba. Mafuta ya taa uyachuje kwa kitambaa safi, maana chembe ya mchanga inatosha kuziba tundu la moto, na sindano ya kulizibulia isikae mbali nawe. Kabla ya kumimina, nusa chupa. Huko petroli ya bodaboda na mafuta ya taa hukaa rafu moja, kwenye chupa za maji zinazofanana. Na usiliwashe kamwe ndani ya hema.

Lipo jambo ambalo dukani hawatakuambia. Usiwashe jiko kwenye boma la wafugaji kabla hujanywa maziwa ya mwenye nyumba. Mimi nilifika kwa mama mmoja wa Kimasai, nikaanza kupampu jiko langu mlangoni kwake. Akasimama mbele yangu.

"Bwana mifugo, maziwa yangu yana sumu?"

Nikasema sikutaka kumsumbua.

"Mgeni asiyetaka kusumbua kafuata nini hapa?"

Kesho yake mumewe hakuleta hata ndama mmoja kwenye chanjo.

Nunua jiko, uondoke na wenzako. Usipitie Korogwe. Ukinikuta hivi nilivyo hutaondoka, na mimi sina nguvu ya kukufukuza. Habari yangu ikikufikia mbugani nitakuwa nimeshazikwa. Unajua sisi hatukawizi maziko. Usikimbilie gari. Maliza chanjo ya boma ulilopo, kisha unisomee Fatiha hapo hapo. Naogopa, mwanangu, sikufichi. Naogopa kuondoka bila kuuona uso wako. Lakini woga huo ni wangu, usiubebe wewe.

Msalimie sana mama yako, umsaidie kusoma barua hii polepole. Msalimie mdogo wako Shabani, na jirani yetu fundi cherehani. Shangazi yako anasema ule, umekonda.

Usihangaike kunijibu. Nikisikia tu kwamba gari lenu limeondoka nawe, nitajua umenisamehe.

Baba yako,
Omari