Vyote Vimeshuka

Jumatatu, 3 Machi
Sindano ya wiki, ya kushusha sukari na uzito, tayari. Suruali imenivuka mbele ya mteja — mimi, fundi cherehani! Nimeipunguza kiuno, na kitambaa kilichozidi nikakikata kabisa. Haipanuliki tena hiyo. Mama watoto anasema nikiendelea hivi atanianika kambani pamoja na mashati. Kichefuchefu tu ndiyo kero. Hata maji yananikinaisha.

Jumatano, 5 Machi
Maabara. Nimetobolewa mara tatu. Dada wa watu anatafuta mshipa kama aliyepoteza funguo. Ati niwe nakunywa maji, mishipa imejificha.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu! Wastani wa sukari wa miezi mitatu umeshuka. Mafuta yameshuka. Uzito ndiyo usiseme! Nikamwambia daktari, vyote vimeshuka, nipe mkono. Hakunipa. Akaweka kidole mstari wa chini kabisa: uwezo wa figo nao umeshuka. Huo haukutakiwa kushuka.
Akauliza, unatapika? Kidogo. Maji unakunywa? Kidogo. Basi sindano isimame, ninywe maji, nipime tena Alhamisi. Figo zisipopanda, sindano ndiyo basi.
Miezi yote hii nashusha, leo naambiwa nipandishe!

Jumapili, 9 Machi
Maji. Choo. Maji. Choo. Mteja kanipigia hodi, nikamjibu nikiwa huko huko.
Njaa imerudi bila sindano, tena imerudi na mizigo yake. Nilimaliza sahani yangu nikaanza kuitazama ya mama watoto. “Mzee, hii ina mwenyewe,” akasema, akaisogeza.

Alhamisi, 13 Machi
Damu nimetoa asubuhi. Majibu saa kumi, wakasema. Saa kumi — mashine imegoma, njoo kesho. Nikapandisha sauti. Ndicho kitu pekee nilichofanikiwa kupandisha wiki hii. Dada wa maabara akaniambia, baba, kaa kwanza. Nikakaa. Aibu!
Nyumbani mama watoto kaniletea suruali yangu nyingine, ya kutokea, niipunguze. Nimeipunguza. Akaigeuza ndani nje, maana ananijua.
“Mbona kitambaa hiki kilichozidi ndani hujakikata?”
Nikasema ndivyo mafundi tunavyofanya, tunabakiza kidogo.
“Ile nyingine hukubakiza.”
Kanisogezea mkasi. Nami nimejimiminia glasi nyingine ya maji, nakunywa taratibu. Bado amesimama hapa.