Kerubo, Sikuwa kwa Mkutano

Dada yangu Kerubo,

Nilikudanganya. Naanza na hiyo kwa sababu nikianza na salamu utaacha kusoma. Siku ile uliponipigia simu nikakuambia bado tuko kwa mkutano, sikuwa kwa mkutano. Nilikuwa juu ya lile jengo refu la mviringo katikati ya Nairobi, naangalia mji.

Nimeandika hapa mahali kila mtu anaweza kusoma kwa sababu simu zangu ulizifungia. Yule mama wa kanisa aliyekupa pa kulala hataki kuniambia ni mtaa gani, na simlaumu. Yeye ndiye aliniletea maneno yako: "Mwambie mimi sina kwetu." Nakula nayo, nalala nayo. Wacha niseme vile ilikuwa, kwa sababu wewe unajua nusu.

Ulinipigia nikiwa kituoni Ekerenyo, napimia wakulima majani ya chai. Ukaniambia bwana yako Zablon amekuvunja mkono. Ulisema polepole, kama mtu anataja bei ya sukari. Umefungwa plasta, unasonga ugali na mkono mmoja, binti yako Debora anakushikia sufuria. Nikakuambia kiwanda kinatutuma huko kwenu Nairobi sisi makarani, siku mbili, tukafunzwe mizani mpya kwa ofisi kubwa ya chai.

"Basi pitia kwangu," ukasema. "Usilete kitu, hata ndizi. Keti tu kwa kiti umwulize mbele yangu."

Hiyo tu ndiyo uliomba.

Lakini nilijua kuketi kwa hicho kiti ni nini. Kwetu baba akishakufa, anayeketi hapo ni yule kijana aliyeoa na ng'ombe za dada yake, na huyo ni mimi. Nikisikia kesi yako na masikio yangu, siwezi tena kuinuka niseme sijui. Lazima nirudi na wewe. Ukirudi, watu wa Zablon watadai ng'ombe zao. Na zako hazikukaa kwetu hata zikazoea nyasi, zilipita zikaenda kwa kina Mama Brian kunichukulia bibi. Za kurudisha zitatoka kwa zizi langu, hizi za maziwa ambazo zinasomesha watoto.

Unakumbuka siku zililetwa? Wewe ulikuwa jikoni unachungulia kwa ufa. Ukanivuta shati ukaniambia, "Ile nyekundu usiitoe haraka, hiyo ndiyo mimi. Na huyo bibi yako akikusumbua, mwambie amelipiwa na wifi yake." Tulicheka mpaka baba, Tata wetu, akatufukuza. Ulikuwa umetoka kidato cha pili. Mimi nilimaliza shule, wewe hukumaliza, na hatukuwahi kuongea hiyo.

Nilimwambia Mama Brian habari zako jioni kabla nisafiri, akikamua. Hakugeuka.

"Akitaka kujenga hapo chini kwa migomba, ajenge," akasema. "Lakini ng'ombe za Kerubo ndizo zilinitoa kwetu. Ukizirudisha, mimi nitakuwa hapa kwa ng'ombe za nani?"

Nilienda Nairobi na hilo swali, na nikashukuru moyoni kwamba kuna mkutano wa kujificha ndani yake. Usifikiri Mama Brian ndiye alinikataza. Hakunikataza. Niliogopa mwenyewe.

Siku ya kwanza kweli tulifunzwa mpaka jioni. Siku ya pili wakatuachilia mapema, kabla hata ya chai ya saa nne. Ulikuwa umeshaniandikia: "Zablon yuko nyumbani leo. Njoo." Nikakujibu bado tunaendelea. Mogaka, karani mwenzangu kutoka upande wa Nyamira mjini, alikuwa anatafuta mtu wa kutembea naye. Nikasema mimi ndio huyo.

Tulianza na makumbusho. Kuna nyoka kwa vioo, na Mogaka akamgongea mmoja akimuuliza kama analipa kodi. Nilicheka sana, zaidi ya vile mzaha ulistahili. Tukaenda Uhuru Park kuangalia watu wakipiga pedali kwa maboti. Kila simu ikitetemeka mfukoni nilikuwa naongeza hatua. Mogaka akaniuliza, "Karani, kwani unafuatwa?" Nikamwambia hapana, nataka tu tuone vitu vyote.

Halafu tukapanda lile jengo. Hapo ndipo naona aibu zaidi, kwa sababu lilikuwa letu. Tukichuna chai na mvua, vidole vimekufa ganzi, wewe unamimina majani yako kwa kikapu changu ndio Tata asinichape, ulikuwa unaniambia siku moja tutapanda hilo jengo la kwa kalenda ya nyumbani, sisi wawili, tuangalie kama Ekerenyo inaonekana. Nilipanda bila wewe. Na wewe ulikuwa kwa mji huo huo, mkono kwa plasta.

Nilikuwa nimeshika ukuta wa huko juu ulipopiga. Nikashika simu kwa sababu nilichoka kuisikia.

"Mko wapi?" ukauliza.

"Bado tuko kwa mkutano."

"Naona kuna upepo huko kwa mkutano."

"Ni feni," nikasema.

"Wanawafunza nini saa hii?"

"Mizani. Ile ya kuandika kilo yenyewe."

Nilisikia viti vinaburutwa kwa simu yako. Halafu ukasema, "Ndugu yangu, mimi nimesimama kwa mlango wa hiyo ofisi yenu. Wanafagia. Askari ameniambia watu wa chai waliondoka zamani." Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua la kufanya. Ulisema tu, "Sawa. Endelea na mizani," ukakata.

Mogaka hakusikia. Alikuwa ameinua simu yake. "Songa hapa karibu, nakupiga na Nairobi yote. Cheka kidogo, hapa hakuna mtu anakuuliza kilo." Nikacheka. Hiyo picha iko. Nilimwomba aifute, akaniuliza mbona, nimetokea vizuri.

Kerubo, ningeshuka nikimbie. Uliko nilikujua, pesa ya gari nilikuwa nayo, na mchana ulikuwa bado. Nilishuka nikaenda kula chipsi.

Yaliyofuata niliyasikia nikiwa nyumbani. Kwamba ulirudi kwa hiyo nyumba ukatia nguo kwa mfuko. Kwamba mama yake Zablon alikuwa amekuja, akamshika Debora mkono, akasema wewe nenda lakini mtoto anafuata ng'ombe, ni wa wale waliozitoa. Amepelekwa kwa kina Zablon, Nyamarambe. Huyo msichana alikuwa anakushikia sufuria, na sasa hajui mama yake yuko wapi. Ningekuwa nimeketi kwa kile kiti, hakuna mtu angemshika mkono mbele yangu. Hiyo siwezi kuikimbia kwa mguu wowote.

Nimeenda kwa chifu. Ameniambia sheria ya serikali haijui mambo ya mtoto kufuata ng'ombe, na kuna afisa wa watoto Kisii mjini. Nitaenda. Lakini wale wazee wa Nyamarambe nawajua, na wewe unawajua. Hawatanisikiliza kama bado niko na deni la zizi lao. Watasema, huyu ameshiba mali yetu, halafu anatuhubiria.

Kwa hivyo nimeamua ng'ombe zirudi. Mama Brian nilimjibu juzi, nikachelewa lakini nikamjibu. Nilimwambia yuko hapa kwa watoto wake na kwa jasho lake, si kwa ng'ombe za mtu. Hajaniongelesha tangu hapo. Lakini jana nilimkuta kwa migomba huko chini, anakata majani makavu mahali nyumba yako inaweza kusimama.

Sikuombi unisamehe, hiyo utaifikiria ukitaka. Nakuomba tu ufungue simu asubuhi moja, unitajie mahali pa kumleta Debora. Nimeongea na mwenye lori anayebeba ndizi za soko la Daraja Mbili, na tumekubaliana. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, kabla jua halijawa kali, nitashusha ng'ombe kwa boma ya baba yake Zablon, mbele ya wazee, na nitaketi kwa kiti watakachonipa na kumwomba Debora. Wakikataa, Jumatatu yake asubuhi niko kwa mlango wa afisa wa watoto. Wakikubali, Jumapili hiyo nitampeleka Nairobi nimwache kwa mikono ya yule mama wa kanisa. Kama hutaki kuniona, kaa ndani. Mimi nitabaki nje.

Ulindwe huko uliko.

Ndugu yako, aliyeoa kwa ng'ombe zako