Kwa Truphena, Aliyefinyanga na Watoto Likizoni

Hukuwa na cheti cha ualimu. Hukuwa na jengo lako, wala rangi za dukani, wala mtoto uliyemzaa. Meza ulikuwa nazo mbili, na moja ilisimama kwa msaada wa tofali. Leo umetimia mwaka, Truphena binti yangu, tangu ukingo wa mto ukuangukie hapa Migori ukichimba udongo wa darasa. Watu bado wananiuliza uliwezaje kukusanya watoto thelathini kila likizo.

Agosti ilikuwa ya karatasi na vitambaa. Desemba ilikuwa ya rangi ulizochemsha kwa maganda ya vitunguu. Aprili ilikuwa ya udongo, na hiyo uliipenda kuliko zote. Ulinawa mikono baada ya mtoto wa mwisho kunawa. Hukurekebisha kazi ya mtoto hata siku moja.

Nilikuwepo siku Idil, binti wa Abdishakur mwenye duka, alipokuletea ng'ombe wa miguu mitano.

"Huu wa tano ni wa nini?" ukamuuliza.

"Wa akiba, mwalimu. Mmoja ukichoka."

"Basi mpeleke mnadani. Huyo ni ng'ombe na robo!"

Mama yako Pauline bado anaisimulia hadithi hiyo, ingawa siku hizi haimalizi.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kaburini.

Mama yangu, dani yako, alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo wakati wa kiangazi akauhifadhi chini ya magunia. Mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna mtu aliyeruhusiwa kushuka shimoni. Hakutoa sababu. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja, katika darasa la jioni, baada ya kazi ya kinu cha posho. Tangu hapo niliona kila kitu ambacho dani yako hakukitolea sababu kuwa ushirikina.

Asubuhi ile uliniambia kwamba udongo wa juu una mchanga, na kazi za watoto zinapasuka motoni.

"Chimba ndani zaidi," nikakujibu.

"Lakini Baba, mvua imeanza. Dani alisema shimo lifungwe."

"Dani hakujua kusoma. Udongo ni udongo."

Ulicheka. "Sawa, Mwalimu Mkuu." Ukachukua jembe na karai, ukaenda. Saa nane Robi, mwenzako wa kufundisha, alikuta karai na ndala zako ukingoni, na shimo halikuwepo tena.

Kwenye mazishi walisema, "Mwalimu gani huyo anaingia shimoni wakati wa mvua?" Kamati ya kanisa ikasema kwamba mtu mzembe kwa maisha yake hawezi kukabidhiwa watoto wa watu, ikafunga ukumbi uliokuwa unafundishia. Nilikaa kiti cha mbele, nimevaa suti, nikanyamaza. Agosti ikapita bila darasa. Desemba ikapita.

Wiki iliyopita Robi alikuja nyumbani.

"Mzee, kamati inakaa Jumapili. Wakikataa tena, ukumbi wanapewa watu wa simenti waufanye stoo. Na jina la Truphena litabaki hivyo hivyo. Siku ile wewe ulikuwa hapa. Alikuambia anaenda wapi?"

Nikamwambia yote.

"Andika, mzee. Nikisema mimi, watasema natetea kibarua changu."

Niliandika, kisha nikamsomea mama yako. Alisema neno moja tu: "Mwaka mzima, Zadock." Siku tatu amenitengea chakula na kuondoka. Sikumlaumu.

Hukuwa mzembe, nyathina, mwanangu. Uliuliza swali sahihi, ukamuuliza mtu mwenye kiburi. Hivyo ndivyo nilivyowaandikia kamati, kwa jina langu kamili. Nimewaomba wamrudishie Robi ukumbi Aprili hii. Iwapo wanataka mtu wa kumlaumu, nimewaelekeza nyumba ninayokaa.

Tunaokukumbuka ni mimi baba yako Zadock, mama yako Pauline, kaka yako Dishon aliye Remba, shangazi yako Edith wa Homa Bay, Robi, na watoto wote waliopitia meza zako mbili. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazojaliwa.

Leo alfajiri mama yako ameingia chumbani akaniwekea bahasha mezani. Nimekunja barua, nimeilamba bahasha nikaifunga, nikaandika juu yake: Kwa Kamati, isomwe mbele ya wote. Robi ameichukua. Nimesimama langoni mpaka pikipiki iliyombeba ikapotea barabarani.