Chupa ya Dirishani

3 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Mimi mzima, ila macho yanauma kwa kukodolea chupa.

Hapa maabara nimepewa kazi ya kutengeneza karatasi ya kupimia maziwa. Unaichovya, ikigeuka zambarau, maziwa yametiwa formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ili yasichache njiani. Lakini lazima kwanza niijue rangi ya maziwa safi, na kwa hilo nataka maziwa ninayoyaamini. Nimechagua ya kituo chako cha kukusanyia maziwa. Mpe dereva wa gari la maziwa chupa moja kila wiki.

Mdogo wako

19 Machi

Profesa wa maziwa,

Sisi wazima, wasiwasi ni wewe usiyekula. Chupa hiyo. Usiinywe halafu ukasingizia utafiti.

Lakini angalia. Juzi wachuuzi wa maziwa walimkamata mwenzao aliyewapa watu wa maabara yako maziwa ya kupima. Walimpiga kwa mfuniko wa kopo la maziwa mpaka taya likaning'inia. Nilikuwepo. Nilimwokotea meno yake nikampa mkononi, sikujua la kufanya. Achana na kazi hiyo, mdogo wangu.

Kaka yako

8 Mei

Kaka,

Salamu. Naandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke. Wa kulia uko kwenye plasta.

Wanaume watatu walikuja mchana kweupe, kwa mlango wa nyuma, ule uliopitia wewe ulipokuja kunisalimia. Walimvunja mlinzi goti kwa nondo. Wakapasua chupa karibu zote. Nilipozikinga karatasi zangu, mmoja aliukanyaga mkono wangu juu ya vioo, akausaga kama anayezima sigara.

Na karatasi zenyewe nilidhani hazifai. Miezi miwili maziwa ya soko zima yalitoa zambarau ile ile ya maziwa yako, nami nikalaumu karatasi. Jana nimeona chupa yako moja iliyopona, niliisahau dirishani. Imepigwa jua siku tisa, kaka, na haijachacha.

Nilikuamini kuliko mashine. Ripoti ya vipimo naipeleka tarehe ishirini, na kituo chako kimo. Sema neno.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali. Mlango wa nyuma niliwaonyesha mimi. Niliwaambia vunjeni chupa, yeye msimguse.

Niliposoma barua yako nilimfuata aliyekukanyaga. Nilimpiga kwa spana mpaka akawa hajui jina lake, na roho yangu haikutulia. Sasa wenzake wananitafuta.

Dawa nimeimwaga yote. Chupa hii nimekamua mwenyewe, iweke dirishani. Ripoti peleka. Nitasimama mbele ya watu niseme dawa tulikuwa tunaitia kwa mikono yetu.

Kaka yako

21 Mei

Kaka,

U mzima? Jibu hilo kwanza.

Dereva amenirudishia barua yangu ya juzi haijafunguliwa. Anasema walikitia moto kituo, wakakufunga kamba nyuma ya pikipiki, wakakuburuta barabara nzima, na watu wakasimama kutazama. Walikokupeleka hakuna anayesema. Wifi amezunguka hospitali zote.

Nina hasira na wewe. Mkono bado unauma. Nakutaka hai.

Ripoti nimeipeleka jana. Chupa yako ilichacha siku ya pili, nikalia mbele ya wenzangu bila aibu. Kabla haijachacha nilichovya karatasi, ikabaki nyeupe. Hiyo ndiyo rangi ya maziwa safi niliyoitafuta tangu Machi. Nimeibandika hapa chini, uione ukifungua.

Mdogo wako