Hodi Tatu Kwenye Nyumba ya Udongo

Mama yangu,

Assalaam aleikum. Nakuamkia kwa heshima, nikitaraji goti limetulia na ngazi hazikutesi kama mwezi uliopita. Mimi ni mzima, na leo nakuandikia moyo umetua.

Nilikwambia kwa simu kwamba mhariri wangu hapa Sao Paulo alinipa jaribio la mwisho: ukurasa mmoja juu ya makumbusho na majengo ya kale ya magharibi ya mji. Ukiharibika, kazi hakuna, na kibali cha kukaa kinakwenda nayo. Makumbusho ya nyoka, walio hai nyuma ya vioo, hayakunisumbua. Soko kuu la zamani pia. Ikabaki nyumba ya udongo ya enzi za Wareno, kuta nene kuliko zetu za Mji wa Kale. Mtunzaji wake, Bi Lourdes, aliniahidi mazungumzo.

Nilifika nikakuta mlango wazi, ndani kimya. Nikapiga hodi mara tatu, kwa adabu. Hakuitika mtu. Nikaenda zangu, kama ulivyotufunza.

Jioni mhariri akanipigia simu. Bi Lourdes alikuwa chumba cha nyuma akinisubiri, na amekasirika. Nikaeleza yaliyotokea. Akanijibu:

"Yale ni makumbusho, Salim. Si kwa wakweo."

Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapa, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanieleza kwamba hata wao, penye nyumba isiyo na kengele, husimama nje wakapiga makofi hadi mwenyewe atoke. Kesho yake nikarudi, nikapiga makofi. Bi Lourdes akatoka amenuna. Nikamweleza hodi zetu, na kwa nini mtu hurudi akikosa jibu.

"Umelelewa vyema," akasema. "Lakini mimi masikio yamechoka. Kwangu hodi tatu hazitoshi."

Akanitembeza hadi jiko la nyuma, ambako wageni hawaingizwi. Picha ya jiko hilo ndiyo iliyobeba ukurasa. Jana nimetia saini mkataba.

Nisalimie shangazi wa Kizingo, na mke wa kaka na wanawe. Mjomba aliyekuwa akinitafutia ukarani kwenye maghala ya Shimanzi, mshukuru, umwambie aache.

Na kile chumba changu, Mama, usikizuie tena. Tia mpangaji.

Mwanao,
Salim